Bao la mchangani: kumfundisha mtoto kujumlisha nyumbani

Wazazi wenzangu, binti yangu alipokuwa na miaka 6 alikuwa akiona jumla kwenye daftari anaanza kulia. Tukaliweka daftari kando, tukatoka uani. Tunakaa Mikindani, mchanga tunao, na bao watoto wanaliona kila siku kwenye baraza za wazee.

Hatua ya 1: Kete
Tafuta komwe 32, zile mbegu ngumu za mkomwe zinazotumika kama kete. Mkomwe una miiba mikali, kwa hiyo akachume mtu mzima. Usipozipata, kokoto zinatosha. Msimu wa korosho usishawishike kutumia korosho ghafi: ganda lake lina mafuta yanayobabua ngozi, na mtoto hakosi kung'ata. Kama ndani kuna mdogo anayetia kila kitu mdomoni, kusanya kete zote mkimaliza.

Hatua ya 2: Mashimo
Mwagia mchanga maji kidogo usiporomoke. Chimbeni mashimo 16, safu mbili za manane. Kwa kijiti andika 1 hadi 8 safu ya kwanza, kisha 9 hadi 16 ukirudi safu ya pili, iwe duara. Mtoto mwenyewe agawe kete, mbili kila shimo.

Hatua ya 3: Kutembeza
Anachota kete zote za shimo moja, anadondosha moja moja kwenye mashimo yanayofuata. Ya mwisho ikikuta kete, anazichota zote anaendelea. Ikikuta shimo tupu, amelala, zamu inakuwa yako. Sheria za kula, yaani kuteka kete za mwenzako, ziache kwanza. Chezeni hivi siku tatu au nne bila kumuuliza swali lolote.

Hatua ya 4: Kubashiri
Hapa ndipo penye somo lenyewe. Kabla hajachota, muulize: "Ya mwisho itaangukia wapi?"

Siku moja shimo la 3 lilikuwa na kete 4. Binti yangu akaweka kidole juu ya shimo hilohilo, akahesabu "moja", akaendelea, akasema itaangukia la 6. Kosa hilo ndilo lililokuwa likimliza kwenye daftari: kila akijumlisha, alihesabu na pale alipoanzia. Nilijibana nisimsahihishe. Akatembeza, ya mwisho ikaangukia la 7. Akatulia, akarudi na kidole hadi shimo la 3, lilikuwa tupu. "Mama, hili halihesabiwi, nimeshatoka."

Nakuomba sana, hapo funga mdomo. Ukimwambia jibu umemnyang'anya, na kesho atakungoja wewe umwambie tena.

Hatua ya 5: Kuvuka mwisho wa duara
Akishazoea, mbashirishe kutoka shimo la 14 lenye kete 5. 14 na 5 ni 19, mashimo yapo 16, basi ni shimo la 3. Wengine hukwama hapa wiki nzima. Msiharakishe, na akichoka acheni, hata kama mmecheza dakika kumi tu.

Hatua ya 6: Daftari
Akibashiri sawasawa, aandike alichokifanya: 3 + 4 = 7. Ishara ya kujumlisha sasa ina maana kwake, ni kutembeza kete.

Baada ya hapo ongezeni safu mbili ziwe mashimo 32 na kete 64, kama bao kamili. Sheria za kula mwachieni babu yake amfundishe. Wangu sasa kila jioni yuko barazani kwa babu, na jana kamwambia kete yake itakapolala kabla mzee hajaichota.