Kabla Hujaenda Tabora Kuchimba Ukoo, Soma Hapa Kwanza

Nenda kiangazi. Kati ya Juni na Oktoba njia za Uyui, Sikonge na Kaliua zinapitika, mavuno yameshaingia ndani na wazee wana muda wa kukaa barazani. Ukienda Januari utakuta mlango umefungwa, wote wako shambani, na wewe na viatu vyako vya mjini mmekwama kwenye tope la mbuga.

Usiende mikono mitupu. Beba sukari, majani ya chai, sabuni, na kanga ya bibi. Anayesema hiyo ni hongo hajawahi kukaribishwa vizuri.

Chukua barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wako, na ukifika kijijini piga hodi kwa mwenyekiti kabla hujaanza kuuliza kaburi la nani liko wapi. Siku hizi mgeni anayeulizia makaburi na mahame hudhaniwa kaja kudai ardhi. Ukikusudia kuomba vitabu vya parokia, barua ya paroko wako itakufungulia mlango haraka kuliko maelezo yako yote.

Daftari liwe na jalada gumu. Kalamu mbili, na penseli, maana sehemu nyingi zinazotunza nyaraka za zamani hazitaki wino karibu na karatasi zao. Simu iwe na nafasi ya kutosha, na pawabenki iwe imejaa.

Kabla hujakata tiketi, pekua kabati la mama yako. Watu wanapanda gari kutoka Dar es Salaam kwenda kutafuta kitu ambacho kimelala chini ya godoro la shangazi Mbagala. Tafuta vyeti vya ubatizo, hati za ndoa, stakabadhi za kodi ya kichwa, kadi za TANU, karatasi za jeshi za waliopigana vita vya pili, na vipande vya kazi vya waliokwenda manamba kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro. Kipande cha kazi kinaweza kukupa jina la babu, la baba yake na la jumbe wake kwa pamoja. Familia za Kiislamu za Tabora mjini, na za Ujiji vilevile, zina barua na hati za nikahi za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Usizitupe kwa kuwa huwezi kuzisoma. Yupo shehe au mzee wa msikitini atakayezisoma. Tarehe zake huwa za Hijria, na mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi, kwa hiyo miaka 100 ya huko ni kama 97 ya huku. Ukisahau hilo utamwozesha mtu kabla hajazaliwa.

Karatasi ya zamani usiipeleke kulaminetiwa. Ile plastiki ikishashika kwa moto haitoki tena, na wino hafifu ukiungua ndio basi. Piga picha mbele na nyuma, pale pale, mwenyewe akiona, kisha mrudishie mkononi. Hata akikwambia "nenda nayo tu mjini ukatoe kopi", kataa.

Majina yatakuchanganya, jiandae. Wengi wetu jina la tatu ni la babu, kwa hiyo linabadilika kila kizazi. Ukitafuta jina moja la ukoo lililoshuka miaka mia utapotea asubuhi na mapema. Ndani ya majina yenyewe kuna habari. Ukikutana na Shija, uliza habari za pacha waliomtangulia, Kulwa na Doto, hata kama hakuna anayewataja, kwani huenda walikufa wachanga na hakuna aliyewaandika popote. Halafu kuna majina ya shule. Mtoto aliyelelewa na mjomba aliandikishwa kwa jina la mjomba. Aliyerudia darasa la saba kwa jina la mtoto wa jirani amezeeka nalo, amestaafu nalo, na wajukuu wake wanalitumia. Uliza majina mawili kila mara, la nyumbani na la cheti.

Uliza pia nani alimzaa, usiishie kwenye "baba yake". Baba mkubwa ni baba, baba mdogo ni baba, na mzee akisimulia hatakutenganishia. Kwa Wanyamwezi kuna na suala la mahari: kwa desturi ya zamani, mwanamume ambaye hakutoa mahari, watoto walihesabiwa upande wa mama yao. Hapo utaona mti wako umekata kona ghafla, na wala hakuna aliyekosea.

Tarehe ndiyo usizitegemee kabisa. Ukiona wazee wa boma moja wote wamezaliwa Julai 1, ujue karani alikadiria. Kwa muda mrefu wa ukoloni Mwafrika wa kijijini hakulazimika kusajili mtoto, kwa hiyo usitarajie cheti cha kuzaliwa cha bibi wa mwaka 1920. Mbane mzee kwa matukio. Reli ilipofika Tabora, 1912, mama yake alikuwa ameshaolewa? Wabelgiji walipoingia mjini Septemba 1916, walikimbilia wapi? Homa kubwa ya 1918 ilichukua nani nyumbani kwao? Walihamishwa kutoka pori la malale? Walipopelekwa kijiji cha ujamaa, 1974 au karibu na hapo, nyumba ya zamani waliiacha wapi? Hilo la mwisho liulize kwa makini, kwa sababu makaburi ya wengi yamebaki kwenye mahame, na anayejua yalipo ni mtu mmoja au wawili, nao hawaoni vizuri tena.

Sasa sikiliza hili.

Ndugu yetu mmoja, mtoto wa baba mdogo, alikwenda akiwa na bidii ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Alizunguka Ng'ambo na Gongoni za Tabora mjini, akavuka Uyui, akafika mpaka Urambo. Alikaa na wazee, alijaza daftari, alirekodi kwenye simu. Aliporudi alichora mti wa ukoo, akaupeleka kwa wachapa mabango, ukatoka mkubwa wa rangi, wenye picha. Akautundika ukutani siku ya kikao cha ukoo, baada ya arobaini ya baba mkubwa.

Watu walisogea kujitafuta. Wakacheka, wakapigana picha. Mpaka mtu mmoja akasoma kwa sauti maneno madogo chini ya jina la bibi mzaa babu: kwamba aliletwa na msafara kutoka Manyema, mashariki ya Kongo, akiwa mtoto, akanunuliwa.

Asiyeijua Tabora atauliza kuna nini hapo. Mji huu ulikuwa kituo kikuu cha misafara. Pembe na watu walipita hapa kwenda pwani, na waliobaki walibaki. Wajerumani waliwapa baadhi yao hati za uhuru, lakini utumwa wenyewe ulifutwa na sheria mwaka 1922, wakati wa Mwingereza. Hesabu vizuri: waliokuwa watoto mwaka ule ndio waliowalea wazee tunaokaa nao leo barazani. Neno lile halijapoa. Na siku ile kulikuwa na kiwanja cha Ng'ambo ambacho mirathi yake ilikuwa haijagawanywa. Hazikupita dakika kumi, kijana wa nyumba kubwa akasema kwamba basi hawa wa nyumba ndogo, uzao wa bibi yule, hawana damu ya hapa, wanadai nini.

Mzee aliyekuwa ameshika kikao akamgeukia ndugu yetu. "Nani kakwambia?"

"Wazee."

"Mzee gani?"

Akafungua daftari. Majina ya waliokufa yalikuwepo yote, yamepangwa kwa mistari. Jina la aliyesema halikuwepo hata moja. Kwenye simu sauti zilikuwa zimejiandika namba tu, na nyingine alikuwa amezifuta kupata nafasi ya video za safari. Alikumbuka kwamba habari ile aliipata kwa shangazi. Lakini alikuwa amezungumza na mashangazi wawili. Mmoja alilelewa na bibi huyo mwenyewe, alilala naye kitanda kimoja. Mwingine, tunayemwita shangazi tu, aliolewa katika ukoo akiwa mtu mzima na ana ugomvi wa miaka na nyumba ndogo. Neno la wa kwanza ni ushahidi. La wa pili ni maneno ya kisimani mpaka lithibitishwe. Na yule wa kwanza alikuwa ameshazikwa masika yale.

Tulikwenda kutafuta kwenye kitabu cha ubatizo cha misheni. Tukakuta Maria, jina la ubatizo la bibi, wengi wa miaka ile, wengine wameandikwa jina la baba, wengine hawana, na hakuna aliyeweza kuapa kwamba huyu ndiye. Bango lilikunjwa. Kiwanja kikaenda Mahakama ya Mwanzo. Na wazee wawili kule Urambo, ambao walikuwa na habari za kizazi kizima cha wapagazi katika ukoo wetu, walipopigiwa simu walisema kichwa kinauma. Kinauma mpaka leo.

Kwa hiyo, kila sentensi unayoandika, pembeni yake weka nani kasema, ni nani kwa anayesimuliwa, mlikuwa wapi, tarehe gani, na yeye alijuaje. Mimi hutumia maneno matatu: aliona, alisikia, anakisia. Mfano: "Shangazi mkubwa, mjukuu wa marehemu, nyumbani kwake Uyui, Agosti 12 asubuhi. Alisikia kwa mama yake, hakuona." Mstari huo haumalizi dakika moja kuandika. Wakipingana wawili, andika yote mawili kila moja na mwenyewe, usichague mshindi barazani. Sauti nayo ianze kwa wewe kutaja tarehe, mahali na majina ya waliopo, kisha uibadilishe jina jioni ile ile na kutuma nakala yake sehemu nyingine kabla hujalala. Bibi akihamia Kinyamwezi katikati ya habari, mwache aendelee. Hapo ndipo penyewe. Usimkatize kutaka tafsiri, utaitafuta baadaye kwa mtu asiye na upande.

Habari ya utumwa, ya mtoto wa nje, ya aliyefukuzwa kwa uchawi, uliza mkiwa wawili tu, na uliza kama anaruhusu iandikwe. Kuandika ni jambo moja na kutundika ukutani ni jingine.

Karatasi nazo zinataka mwenyewe. Ukionyeshwa kitabu cha ubatizo cha Wakatoliki, andika jina la parokia, namba ya ubatizo na mwaka, na usome pembezoni mwa ukurasa, kwa sababu ndoa huandikwa hapo hata kama ilifungwa parokia nyingine. Majina humo huwa kwa Kilatini. Babu Yohana ni Joannes. Angalia msimamizi pia, mara nyingine ni ndugu. Kama ukoo wako ni wa Moravian, ambao walichukua Urambo mwaka 1898 kutoka misheni ya London, mengi ya wakati ule yalipelekwa Herrnhut, Ujerumani. Ya White Fathers, wamisionari wa Kikatoliki, yako Roma. Andika barua, subiri. Nyaraka za serikali ya Wajerumani zilizobaki ziko kwenye Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zinataka kibali, na nyingi zimeandikwa kwa mwandiko wa zamani ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi. Usianze huko. Na fomu za sensa za nyumbani kwenu usizifuate, taarifa za kaya ni siri kisheria.

Mengine ni ya kawaida. Walio hai usiwaanike kwenye kundi la WhatsApp, tarehe zao za kuzaliwa na namba za vitambulisho. Tangu 2022 kuna sheria ya taarifa binafsi, na hata isingekuwepo, matapeli wapo. Kaburi usilipige picha bila ruhusa ya wenye nalo. Msibani wasikilize watani, wanasema kwa matusi yale ambayo ndugu wanayaficha, ila ukayathibitishe kwingine. Ukiambiwa na mtu wa tatu siku hiyo hiyo kwamba nyinyi ni damu ya Mirambo, tabasamu, andika nani kasema, uendelee; mtemi yule alikufa 1884 na wajukuu bado wanazaliwa. Anayetaka hela ili akuonyeshe mti wa kitemi, mpe nauli arudi kwake. Mzee akianza kujirudia amechoka, mwache apumzike. Usipande bodaboda ya usiku kutoka vijijini. Na simu ichaji tangu jioni, umeme wa alfajiri usiutegemee.