Kupima mchango wa jeni za ukuaji katika saratani ya ngozi ya panya

Baada ya kupata kibali cha kamati ya maadili, chagua jeni ambayo kazi yake katika kiinitete inajulikana vyema. Ptch1 inafaa, kwa kuwa huzuia Hedgehog, njia ambayo seli hupokezana ishara za ukuaji, inayoongoza uundaji wa vinyweleo, na panya aliyepoteza nakala yake moja hupata kwa urahisi saratani ya seli za msingi za ngozi akipigwa na mionzi. Usiifute jeni hiyo mwili mzima, kwani kiinitete kisicho na nakala yoyote hufa tumboni; tumia Cre, kimeng'enya kinachokata jeni iliyowekewa alama, kinachofanya kazi kwenye seli za ngozi pekee, kikiamshwa kwa dawa ya tamoksifeni mnyama akishakomaa.

Kwa uvimbe wa skwamasi (wa seli bapa za tabaka la juu la ngozi), pakaza DMBA, kemikali inayobadilisha DNA, mara moja panya akiwa na umri wa wiki 7 hivi, vinyweleo vikiwa vimepumzika, kisha TPA, kemikali inayochochea seli kugawanyika, mara mbili kwa wiki kwa takriban wiki 20. Linganisha na ndugu wa uzao mmoja wasio na badiliko, maana panya wa ukoo wa maabara wa C57BL/6 ni sugu kwa uvimbe huu kuliko wa ukoo wa FVB, na tofauti hiyo hupotosha wengi. Usikisie mwelekeo wa matokeo: Notch1, jeni nyingine ya ukuaji ambayo huchochea leukemia (saratani ya damu), kwenye ngozi huzuia uvimbe.