Somo: VirtualBox inaganda siku moja moja, ukiitafuta haigandi

Wakuu, hili nimelijibu inbox mpaka basi, naliandika hapa mara moja. VirtualBox ni programu ya kuendesha kompyuta nyingine (mashine) ndani ya kompyuta yako.

1. Andika matoleo: VirtualBox, Guest Additions (programu saidizi inayowekwa ndani ya mashine), Windows au Linux ya nje (kompyuta yako) na ya ndani (mashine).

2. Cheki diski ya kompyuta yenyewe haijajaa.

3. Ikiganda USIIWASHE TENA kwanza. Hapa ndo niliumia. Kila ukiwasha, VBox.log (faili linaloandika yanayotokea kwenye mashine) inakuwa VBox.log.1, ya 1 inakuwa 2, ya 2 inakuwa 3, na ile ya 3 ya zamani inafutwa. Mashine ya mahesabu ya mteja niliisubiri siku tisa igande, ikaganda, mteja kasimama mgongoni, nikazima nikawasha, ikasumbua, nikawasha tena na tena, mara ya nne log ya siku ile ikawa imeshafutika nikaanza kusubiri upya. Kopi folda ya Logs yote, weka pembeni, NDO uwashe.

4. Andika saa ilipoganda. Saa za kwenye log zinahesabiwa tangu mashine ilipowashwa. Juu kuna "Log opened", ile Z mwishoni ni UTC (saa ya kimataifa), ongeza masaa 3: 06:10 ni saa tatu na dakika kumi asubuhi kwetu.

5. Badilisha kitu kimoja kimoja.

MASWALI

– Mkuu yangu inaganda, nifanyeje?
Hatua ya 3. Leta log.

– Nimeshaiwasha kama mara sita, log nimeipiga picha na simu.
Basi ya siku ile haipo, subiri igande tena. Picha sisomi, nataka faili zima.

– Kaka, nimekuta "TM: Giving up catch-up attempt", nikihesabu inaangukia muda ninaofunga laptop kwenda kula. Inahusiana?
Dada umefanya kazi nzuri sana. TM ni saa ya mashine: laptop ikilala saa ya ndani inabaki nyuma, ikiamka inajaribu kuikimbizia wakati, pengo likizidi inaacha. Ni dalili, bado sio ugonjwa wenyewe. Funga laptop makusudi dakika 2, kisha 10, kisha 30. Ukiweza kuigandisha unavyotaka, umeshaipata. Kwa sasa fanya Save State (kuhifadhi mashine ilivyo) kabla ya kufunga.

– Na yule kobe wa kijani chini kulia kwenye dirisha la mashine?
Hyper-V (ya Windows yenyewe ya kuendesha mashine kama hizi) imewashwa, VirtualBox inapitia humo, inakuwa nzito mpaka watu wanadhani imeganda. CMD ya administrator: bcdedit /set hypervisorlaunchtype off, kisha restati. WSL2 (Linux inayokaa ndani ya Windows) itagoma, kurudisha weka auto badala ya off.

– Docker yangu (ya kuendesha programu kwenye vifurushi) iko kwenye WSL2 na ndo kazi yangu.
Basi usiguse.