Jinsi ya kubashiri nia ya mhusika wa siri kwenye katuni ya mtandaoni

Kwa vijiwe vya wasomaji wa Mbeya, kuanzia Soweto hadi Uyole, vinavyosubiri sehemu mpya kila wiki: msianze na "huyu jamaa ni mbaya". Anzeni na daftari.

Choreni safu nne: namba ya sehemu, alichofanya, nani alimwona, alipata nini. Yale ambayo wahusika wengine wanasema juu yake yaandikeni ukurasa wa pembeni, maana nao wanaweza kudanganya au kukosea. Nadharia nyingi huharibikia hapa: tuhuma ya adui inageuzwa ushahidi.

Kisha rudini kwenye picha, taratibu. Katuni za simu husomwa kwa kushuka chini, na nafasi tupu kati ya fremu huwakilisha muda. Pengo refu kabla ya jibu lake laweza kuwa kusita. Tazameni mikono. Anayesema "simfahamu huyo mtoto" huku vidole vimekaza mkanda wa begi amesema mambo mawili. Ila rangi ya koti ikibadilika mara moja tu, msijenge hoja juu yake, wachoraji hukimbizana na muda. Subirini ijirudie walau mara tatu.

Tafsiri za mashabiki hupotosha pia, hasa namna wahusika wanavyoitana kwa heshima. Linganisheni mbili.

Mwishowe andikeni ubashiri unaoweza kushindwa: "Sehemu ijayo hatamfungulia mlango." Wekeni tarehe. Akifungua, nadharia ifutwe, isitiwe viraka. Aliyelipia kusoma sehemu zijazo kabla ya wenzake akae pembeni wiki hiyo.