Kusasisha programu ya gari kwenye skrini ya dashibodi: somo kwa wenye magari Uganda

Skrini ya dashibodi siku hizi inabeba mengi kuliko redio. Kwenye magari mengi, kamera ya nyuma, kiyoyozi na mipangilio ya taa hupitia hapo hapo, hivyo sasisho likiharibika unapoteza vyote kwa mkupuo. Mambo mawili ndiyo yanayoua skrini kuliko mengine: faili ambalo si la gari hilo, na umeme kukatika kazi ikiwa katikati. Hatua za hapa chini zimepangwa kwa ajili ya kuzuia hayo mawili. Usiziruke.

Jua kwanza una mfumo gani

Barabarani kwetu kuna aina tatu. Ya kwanza ni redio ya kiwandani ya gari lililotoka Japani. Ya pili ni redio ya Android iliyofungwa hapa hapa, kwa mafundi wa Kisekka au Ndeeba jijini Kampala, baada ya ile ya kiwandani kuondolewa. Ya tatu ni gari jipya linalopokea masasisho hewani, yaani kupitia mtandao bila flashi wala waya.

Usichanganye ya kwanza na ya tatu. Gari la Japani linaweza kuwa na menyu ya kusasisha hewani, lakini laini yake ya ndani imefungwa kwenye mtandao na mkataba wa kule. Hapa Kampala utabonyeza "tafuta sasisho" hadi uchoke, nalo litasema hakuna mawasiliano. Si ubovu huo. Kama skrini ina Wi-Fi, jaribu hotspoti ya simu. Kama haina, njia ni flashi au kadi ya SD.

Hatua ya 1: Andika namba zako

Ingia kwenye mipangilio, kisha mfumo, kisha ukurasa wa toleo, ambao kwenye skrini nyingi umeandikwa "About" au "Version". Piga picha ukurasa mzima kwa simu. Unahitaji namba ya modeli ya redio, toleo la programu lililopo sasa, na alama ya eneo ikiwepo (Japani, Ulaya, Mashariki ya Kati na kadhalika). Faili la eneo jingine linaweza kukataliwa, au likakubaliwa na kuleta redio isiyoshika stesheni na ramani ya nchi usiyoijua.

Skrini ikiwa ya Kijapani, maneno haya yanatosha kukufikisha na kukurudisha salama:

設定 – mipangilio
情報 – taarifa
更新 – sasisha
はい – ndiyo
いいえ – hapana
戻る – rudi
中止 – sitisha
初期化 – futa kila kitu, rudisha hali ya kiwandani

Hilo la mwisho usiliguse. Linakaa jirani na menyu ya sasisho kwenye redio kadhaa, na mtu anayebahatisha huliangukia.

Kwa redio ya Android, andika mambo mawili tofauti: toleo la Android na toleo la MCU. MCU ni kichakataji kidogo kinachosimamia umeme, vitufe vya usukani, sauti na mguso. Redio za familia ya MTCD na MTCE huandika MCU kwa mfano MTCE_GS_V3.53. Herufi zilizo baada ya mstari wa chini, hapa GS, ni za mtengenezaji. Faili la MCU lenye herufi nyingine usiliweke hata kama namba yake ni mpya zaidi, kwa sababu vitufe na mguso vinaweza kufa. Kabla ya kusasisha MCU, ingia mipangilio ya kiwandani (nywila ya wengi wa familia hii ni 126), tafuta "Export", uhifadhi mipangilio kwenye flashi. Utapata faili dmcu.cfg. Lihifadhi mahali pa usalama, maana ndilo litakalokurudishia vitufe vya usukani.

Hatua ya 2: Umeme

Pima betri ya volti 12 asubuhi, gari likiwa limepumzika usiku kucha. Volti 12.6 na kuendelea ni betri iliyojaa. 12.4 ni karibu robo tatu. 12.2 ni nusu, na hapo hupaswi kuanza. Redio huchukua dakika 20 hadi 60 kumaliza, wakati mwingine zaidi, na swichi ikiwa ON moduli nyingine za gari nazo zinakula umeme ule ule.

Kwa redio, washa injini uiache ingurume bila kukanyaga mafuta. Volti kwenye betri iwe kati ya 13.8 na 14.4. Ikiwa chini ya 13.5, shughulikia oltaneta kwanza. Zima kiyoyozi, taa kubwa na mfumo wa kuzima injini yenyewe gari linaposimama. Injini ya lita 1.5 hadi 1.8 itakunywa takribani lita moja au pungufu kwa saa, kwa hiyo hakikisha taa ya mafuta haijawaka. Fanya kazi hiyo nje, kwenye kivuli. Nje kwa sababu moshi wa injini ndani ya gereji iliyofungwa unaua. Kivuli kwa sababu skrini iliyopigwa na jua la mchana hupata joto na inaweza kujizima.

Chaja ya betri inayotoa umeme tulivu ni bora kuliko injini, ila isitegemee stima inayokatika mtaani kwenu.

Hatua ya 3: Faili na flashi

Chukua flashi ya GB 8 hadi 32, uiformati kuwa FAT32. Flashi kubwa zaidi ya GB 32 husumbua kwa sababu kifaa cha kawaida cha Windows hukataa kuiformati hivyo, watu wakaishia kwenye exFAT au NTFS ambazo redio nyingi za zamani hazizisomi. FAT32 nayo haibebi faili moja linalozidi GB 4.

Pakua faili kutoka kwa mtengenezaji au muuzaji anayeweza kutaja modeli na toleo bila kubahatisha. Kama ukurasa umetoa namba ya SHA256 (alama ya kuthibitisha kuwa faili ni kamili), ihakiki kwenye Windows kwa amri `certutil -hashfile jina.zip SHA256`. Herufi moja ikitofautiana na za ukurasani, faili limeharibika njiani, na kwa bando linalokatika-katika hilo hutokea. Lipakue upya.

Weka faili kwenye mzizi wa flashi, nje ya folda yoyote, bila kubadilisha jina. Redio hutafuta jina kamili: update.zip ni tofauti na update(1).zip. Soma kama faili linatakiwa kufunguliwa au kuachwa limefungwa, maana kila mtengenezaji ana lake. Flashi isiwe na kitu kingine. Faili la zamani la dmcu.img lililosahaulika humo linaweza kuingizwa kwenye MCU bila wewe kukusudia.

Kama unatumia Wi-Fi, weka hotspoti ya simu kwenye 2.4 GHz, kwa sababu skrini nyingi hazioni 5 GHz. Kwenye iPhone washa "Maximize Compatibility". Zima mpangilio unaofunga hotspoti ikikaa kimya. Wi-Fi ya hoteli inayotaka ufungue ukurasa na kuingiza namba ya chumba haifai, kwani skrini ya gari haiwezi kuufungua ukurasa ule. Tazama ukubwa wa sasisho kabla ya kukubali na uhakikishe bando linatosha na kubaki.

Hatua ya 4: Soma ukurasa wa kukubali

Kanuni namba 156 ya Umoja wa Mataifa kuhusu masasisho ya magari, iliyoanza kutumika Januari 2021, inataka mwenye gari aelezwe kabla ya kazi kuanza: sasisho ni la nini, linabadilisha nini, litachukua muda gani, na vitu gani havitafanya kazi wakati huo. Inataka pia gari liwe na umeme wa kutosha kabla ya kuanza, na likishindwa liweze kurudi kwenye toleo la awali au kubaki katika hali salama.

Magari mengi yanayoshuka kwenye bondi za Kampala (yadi za magari yaliyoagizwa nje) yalitengenezwa kabla ya kanuni hiyo, na redio za Android zinazouzwa peke yake usizitegemee kuwa na ulinzi wa namba 156. Skrini inaweza kukubali sasisho ukiwa na volti 11.9 bila kukuonya. Kinachokosekana kwenye skrini unakifanya wewe kwa voltimita na macho.

Jambo moja hapa linanisumbua kuliko yote. Mafundi wengi huunganisha waya wa breki ya mkono kwenye bodi ya gari ili video icheze gari likitembea. Redio ikishafanyiwa hivyo huamini gari limeegeshwa muda wote, na itaruhusu sasisho kuanza ukiwa Jinja Road katikati ya foleni. Kamera ya nyuma itazimika nayo. Kama redio yako ilifungwa hivyo, rudisha waya ule mahali pake.

Hatua ya 5: Kazi ikianza

Chomeka flashi, subiri skrini iisome, chagua sasisha, thibitisha namba ya toleo jipya, kubali. Baada ya hapo usizime swichi, usichomoe flashi, usichaji simu kwenye tundu la jirani. Skrini itazimika na kuwaka, pengine mara mbili au tatu. Asilimia inaweza kusimama mahali pamoja kwa dakika kumi na zaidi, hasa mwanzoni inapohakiki faili na mwishoni inapoandika sehemu kubwa.

Mifumo mipya huwa na nafasi mbili za programu: inaandika kwenye ile isiyotumika, kisha inahamia huko ikiwaka upya. Ikishindwa, inarudi kwenye ile ya zamani. Redio nyingi za zamani zina nafasi moja tu. Huandika juu ya programu inayotumika, na ndizo hufa umeme ukikatika.

Hatua ya 6: Baada ya kumaliza

Rudi ukurasa wa toleo, ulinganishe na picha yako. Weka gia ya nyuma uone kamera. Jaribu vitufe vya usukani, Bluetooth, sauti ya spika zote nne na kiyoyozi. Zima gari, lifunge, subiri dakika kumi, uwashe tena. Kosa linalojificha huonekana kwenye mwasho huu wa pili.

Maswali ya wenye magari

*Mbarara: Gari langu la Japani linashika FM hadi 90 tu. Nikisasisha, nitapata hadi 108?*

Hapana, ndugu. Redio ya Japani imewekewa masafa ya kule, yanayoanzia 76 na kuishia 90, au 95 kwa mpya zaidi. Sasisho la eneo lile lile halibadilishi hilo. Unahitaji kifaa cha kushusha masafa kinachofungwa kwenye waya wa antena: ukifunga cha MHz 20, stesheni ya 100 utaikuta kwenye 80. Hakiwezi kukuletea masafa yote ya 88 hadi 108 kwa redio inayoishia 90, kwa hiyo chagua kipimo kulingana na stesheni unazosikiliza.

*Gulu: Fundi alichomoa betri "ili redio ijiwashe upya". Sasa inadai kadi ya SD na hakuna kingine kinachofunguka.*

Redio kadhaa za Toyota za Japani huhifadhi programu yao kwenye kadi ya ramani. Umeme ukiondolewa, huitaka kadi ile ili ziwake. Itafute kadi ya asili kwanza, pengine muuzaji wa bondi anayo. Kunakili mafaili kwenye kadi mpya mara nyingi hakusaidii, kwa sababu redio husoma pia namba ya kadi yenyewe. Nyingine hudai nambari ya kufungulia inayotolewa kwa kutumia namba iliyo kwenye skrini, kwa hiyo ipige picha kabla hujampelekea mtu.

*Jinja: Nina Toyota Aqua, gari la mseto la petroli na umeme. Hakuna ufunguo wa injini, basi niache katika hali gani?*

Kanyaga breki, bonyeza Power, hakikisha taa ya READY imewaka. Hapo betri kubwa inaichaji ile ya volti 12. Ukibonyeza Power mara mbili bila breki, skrini itawaka vile vile lakini unakula betri ndogo peke yake. Ukiwa READY injini inaweza kuwaka wakati wowote, kwa hiyo gia iwe P, breki ya mkono juu, na gari liwe nje.

*Entebbe: Android Auto inakatika-katika. Nisasishe skrini?*

Anza na simu. Android Auto husasishwa kwenye simu kupitia Play Store, skrini ya gari inaonyesha tu. Badilisha waya kwanza, utumie mfupi unaopitisha data, maana nyaya nyingi za bei ndogo hupitisha chaji peke yake. Yakishindwa hayo, ndipo uangalie toleo la redio.

*Kampala: Redio ya Android, baada ya MCU mpya mguso haufanyi kazi kabisa. Nimeiua?*

Pengine bado, ssebo. Chomeka mausi ya USB, uone kama mshale unatokea. Ukitokea, ingia nayo ukurasa wa toleo, ulinganishe herufi za MCU na picha ya hatua ya 1. Zikiwa tofauti, rudisha dmcu.img yenye herufi zako pamoja na ile dmcu.cfg. Zikiwa sawa, ingia mipangilio ya kiwandani urekebishe mguso upya.

*Mbale: Kuna fundi mwenye kompyuta anasema atasasisha pia kompyuta ya injini na gia kupitia tundu la OBD (la kuchomekea vifaa vya uchunguzi wa gari). Nikubali?*

Muulize vitu vitatu. Ana chaja tulivu ya kushikilia betri juu ya volti 13 kazi yote? Betri ya kompyuta yake imejaa? Na atasoma namba ya programu iliyomo na kuihifadhi kabla ya kuandika mpya? Kazi hiyo kwa kawaida hufanywa injini ikiwa imezimwa na swichi ikiwa ON, kwa hiyo bila chaja betri inashuka dakika kwa dakika. Redio ikifa gari bado linakwenda. Kompyuta ya injini ikifa, unaita breki-dauni. Jibu moja kati ya hayo likiwa "hapana", acha. Na kama gari halina kosa linalojulikana kutatuliwa na toleo jipya, hakuna haja ya kuligusa.