Kabla hujanunua mtamba wa maziwa hapa Dodoma, anza na majani

Kila maonyesho ya wakulima ya Nane Nane yakiisha pale Nzuguni, vijana wanatoka wamewapenda wale ng'ombe waliooshwa wakang'aa, na wiki inayofuata wanaulizia mtamba wa Friesian, yaani jike ambaye hajazaa bado, bei gani. Hamu iyo naiunga mkono kwa moyo wote, ila wadogo zangu bei iwe swali la mwisho, la kwanza ni atakula nini mwezi wa 10.

Mvua yetu inaanza Desemba, ikifika mwisho wa Aprili imekata, baada ya hapo ni vumbi na upepo. Nane Nane yenyewe inaangukia kiangazi, kwa iyo ng'ombe unayempeleka mbele ya majaji mwezi wa 8 anaonyesha majani uliyoyaweka mwezi wa 4 na wa 5. Piga hesabu kabla: mtamba wa kilo 250 anakula kama kilo 7 za chakula kikavu kwa siku, robota la hei, yaani majani makavu yaliyofungwa, la kilo 15 ni siku mbili tu, sasa kuanzia Juni mpaka mvua zirudi unahitaji kama marobota 100, na hapo ni mmoja. Kongwa hei inalimwa, nunua mapema wakati watu hawajaanza kuhangaika, au kata yako mwenyewe yakiwa yanaanza kutoa maua maana yakishakauka shambani yanakuwa mabua matupu. Mashudu ya alizeti huku kwetu hayasumbui kupata, changanya na pumba na madini. Maji nayo jipange, akianza kukamuliwa siku ya joto anaweza kunywa lita 60 na kuzidi, sasa kama mnanunua kwa madumu kaeni na wazazi mzungumze ukweli kabisa.

Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi jua lisimpige ubavuni, paa liwe juu, upepo upite. Kama mfuko ni mdogo au joto linakutisha chukua chotara, au ulizia ng'ombe aina ya Mpwapwa, hao walizalishwa hukuhuku kwa ajili ya ukame wetu, na mimi kwa kijana anayeanza ndio ningemshauri.

Namba ya daktari wa mifugo uwe nayo kabla ya ng'ombe kufika. Ndigana kali inaua haraka, kupe ndio wanaileta, kwa iyo dawa ya kuogesha iwe na ratiba sio mpaka uwaone, na uliza kuhusu chanjo yake na ya miguu na midomo. Usikimbilie kumpandisha pia, miezi 15 mpaka 18 na uzito uwe umefika.

Sasa maonyesho. Mfundishe kamba miezi miwili mitatu kabla, kila siku kidogo kidogo jioni, atembee taratibu kichwa juu, asimame miguu imekaa vizuri, aguswe kwato, mgongo na kiwele bila kuruka. Muwekee redio karibu maana Nzuguni kuna spika na watu kibao, ng'ombe aliyezoea ukimya wa nyumbani atakuburuta mbele za watu na anaweza kuumiza mtoto. Daftari pia, tarehe ya kuzaliwa, chanjo, mbegu iliyotumika, lita kwa siku, kwa sababu kila anayepita atakuuliza anatoa lita ngapi na jibu la kukisia linaonekana. Na jamani, kuna watu wanaacha kukamua ili kiwele kionekane kimejaa, msifanye ivo, yule mnyama anaumia na anaweza kupata ugonjwa wa kiwele.

Kibali cha kusafirisha fuatilia kwa afisa mifugo mapema sio asubuhi ya safari. Alafu akirudi usimchanganye na wenzake, mtenge wiki mbili, kagua kupe masikioni, angalia mdomo na kwato kila siku, na ndoo yake ya maji iwe ya peke yake.