Somo: Siku moja kisiwani na mwongozaji wako mwenyewe, tangu kupanga mpaka kurudi

Wakuu, swali la ziara binafsi ya kisiwani hurudi kila likizo zikikaribia, na majibu mengi huishia kwenye picha za ufukwe. Naweka utaratibu mzima hapa. Unafaa kwa kisiwa chochote cha ukanda wa joto, kiwe cha Karibi, Bahari ya Hindi au Pasifiki. Mifano nimeiokota huku na huko.

Kabla ya hatua, jambo moja. Kwenye basi la kundi unalipia kiti. Kwenye ziara binafsi unalipia saa za mtu na gari lake, na wewe ndiye unayeamua saa hizo ziende wapi. Ukimkodi mwongozaji peke yako halafu ukafuata ratiba ileile ya mabasi, kwa vituo vilevile na saa zilezile, umelipa ziada ili ukae kwa nafasi tu.

Hatua ya 1: Jua pande za kisiwa

Visiwa vingi vya ukanda huu hupigwa na upepo wa upande mmoja sehemu kubwa ya mwaka: kutoka kaskazini-mashariki kwa vile vya kaskazini ya ikweta, kusini-mashariki kwa vile vya kusini. Pakiwa na milima, upepo huo hupanda, hupoa na kumwaga mvua upande wa joshini, yaani unakotokea upepo. Upande wa demani, uliokingwa na upepo, hubaki mkavu. Kauai, Hawaii, ni mfano mzuri: mlima Waiʻaleʻale ni miongoni mwa mahali penye mvua nyingi zaidi duniani, na pwani ya demani ya kisiwa hichohicho ni kame.

Maana yake kwa ratiba yako: maporomoko ya maji na misitu yatafute joshini, kuogelea kwa miwani na mrija kutafute demani ambako maji yametulia. Lakini usikariri. Pwani za kaskazini za Hawaii hupigwa na mawimbi makubwa miezi ya baridi ya huko, kisha huwa shwari kiangazi. Muulize mwongozaji habari za mwezi wako, maana wastani wa mwaka hautakusaidia kitu.

Milima nayo ina saa zake. Mawingu hujikusanya kadiri jua linavyopanda, kwa hiyo anayetaka kuona bonde au kreta (shimo la volkano) afike mapema. Kwenye kisiwa cha Réunion wenyeji huondoka giza bado halijaisha ili wafike kwenye vilele kabla ya mawingu.

Hatua ya 2: Soma maji kabla ya kuandika ratiba

Hapa ndipo siku nyingi huharibika, na ndipo ziara binafsi inapoonyesha faida yake, kwa kuwa basi halibadilishi saa kwa ajili ya bahari.

Sehemu nyingi duniani maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Kwa hiyo picha aliyopiga mwenzako saa 4 asubuhi wiki iliyopita haikuhakikishii maji wiki hii. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati yake ni maji mafu, tofauti huwa ndogo. Pwani ya mashariki ya Unguja wakati wa bamvua bahari hukimbia mbali mpaka mashua hukaa mchangani. Tahiti ni kinyume kabisa: maji hupanda na kushuka kidogo mno, na hujaa karibu na adhuhuri na usiku wa manane, leo na kesho vilevile, kwa sababu pale jua ndilo lenye nguvu kuliko mwezi.

Tafuta jedwali la maji la tarehe yako. Maji yakipwa, tembea ukatazame viumbe kwenye madimbwi ya mwambani, ukiwa na viatu na bila kukanyaga matumbawe hai. Yakijaa, ogelea juu ya matumbawe au panda mashua. Andika saa hizo kwanza, kisha kila kingine kizizunguke.

Itatokea mlima na bahari vyote viwili vinataka asubuhi, kwani upepo nao kwa kawaida huongezeka mchana na kuichafua bahari. Usijaribu kuvibeba vyote. Mimi hulifuata jedwali la maji: yakijaa asubuhi, mlima nauacha.

Hatua ya 3: Vituo vitatu, basi

Ramani ya kisiwa hudanganya. Morisi ina urefu wa takriban kilomita 65 na upana wa 45, ukiitazama unaona utaimaliza kabla ya chakula cha mchana. Halafu kuna barabara kama ya Hana kule Maui, Hawaii, yenye kona zaidi ya 600 na madaraja zaidi ya 50, mengi ya gari moja moja. Usipime kwa kilomita, muulize mwongozaji dakika.

Kumbuka pia mwanga. Karibu na ikweta mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, na jua likishazama giza huingia upesi. Toa saa za barabarani, chakula na kubadilisha nguo, utaona vituo vitatu vikubwa vinatosha. Kimoja kati ya hivyo mwachie mwongozaji akuchagulie. Ukimpa orodha iliyojaa, umemgeuza dereva.

Hatua ya 4: Pima mtu

Wengi huangalia nyota na picha. Angalia zaidi maoni yanayomtaja mwongozaji kwa jina, na hasa ya watu walionyeshewa mvua. Siku ya jua kila mtu ni mwongozaji hodari.

Kisha mwandikie umuulize: tarehe yangu maji yanajaa saa ngapi, na wewe ungeanzia upande gani? Anayeijua kazi atakujibu na kukupa sababu. Anayekutumia tangazo lilelile la mwanzo, muache. Uliza kama atakayejibu ndiye atakayekuja, kama anaendesha na kuongoza peke yake au kuna dereva, ana leseni gani, na kama bima ya gari inahusu abiria wa kulipia. Hilo la leseni si urasimu tu: Galápagos, kwa mfano, maeneo mengi ya hifadhi hayaingiliki bila mwongozaji aliyeidhinishwa.

Hatua ya 5: Andikianeni

Ujumbe wa simu unatosha, alimradi umeandikwa. Saa zinaanza kuhesabiwa anapotoka kwake au anapokuchukua? Mafuta, viingilio, mashua na chakula chake viko ndani ya bei? Saa ya ziada ni kiasi gani? Bahari ikichafuka nani anaamua kuahirisha, na malipo ya awali yanarudi au yanahamia siku nyingine? Andika na hili waziwazi: hatusimami dukani nisipoomba.

Mkiandikiana na mtu wa nje, tumia saa 24. Saa 2 asubuhi yetu kwake ni 08:00, na ukimwandikia "2" utamsubiri mlangoni mpaka uchoke.

Halafu kuna malango ambayo mwongozaji hawezi kukufungulia. Kisiwa cha Oʻahu, Hawaii, ghuba ya Hanauma hufungwa siku mbili kila wiki na mgeni huhitaji nafasi ya mapema. Kilima cha Diamond Head, hapo hapo Oʻahu, nacho tangu 2022 wageni huweka nafasi kabla. Mlima Haleakalā wa Maui unataka nafasi kwa wanaokwenda kuona jua likichomoza. Bali siku ya Nyepi, mwaka mpya wa Kihindu wa huko, kisiwa kizima hutulia, hadi uwanja wa ndege hufungwa. Tazama kalenda ya mahali kabla ya kulipa.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Ondokeni mapema na mzunguke kinyume na mabasi. Wakienda kwa kulia, ninyi nendeni kwa kushoto. Mtapishana nao mara moja tu njiani.

Nusu saa ya kwanza garini zungumza. Mwambie unachopenda na usichokipenda, magoti yako, woga wako wa maji. Yeye hupanga siku kwa anachokisikia, na mgeni aliyekaa kimya nyuma akichezea simu hupewa ziara ya kila mtu.

Mfukoni: maji, nguo kavu, koti jepesi kama kuna mlima (joto hushuka takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000), na fulana ya mikono mirefu ya kuogelea. Fulana hiyo hukinga jua kuliko mafuta, tena haina shida na sheria: Palau tangu 2020 na Hawaii tangu 2021 zimezuia mafuta ya jua yenye kemikali za oksibenzoni na oktinoksati kwa ajili ya matumbawe.

Mambo mawili ya usalama hayana mjadala. Kwenye mashua, jaketi la kujiokoa livaliwe kabla ya kung'oa nanga. Kwenye maporomoko, maji yakianza kugeuka rangi ya udongo au kuongezeka ghafla, toka hapo hapo na upande juu, hata kama ulipo jua linawaka. Mvua imeshanyesha mlimani.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, mimi nitashuka kwenye meli ya kitalii, nina saa nane tu. Inawezekana?

Inawezekana, ila ujue meli huwa haiwasubiri waliotoka na mwongozaji wao wenyewe kama inavyosubiri ziara iliyoziandaa. Thibitisha kama meli inafuata saa ya kisiwa au saa yake yenyewe, maana wakati mwingine hutofautiana. Mwambie mwongozaji saa ya mwisho ya kupanda, halafu panga kufika bandarini saa moja na nusu kabla yake. Anzeni na kituo cha mbali zaidi, mmalizie karibu na bandari.

Kwa nini nisikodi gari nijiendeshee?

Kisiwa kidogo chenye barabara moja ya kukizunguka na fukwe za wazi, kodi gari, sikukatazi. Mwongozaji ana faida panapohitajika mashua, msitu au historia. Bonde la Vallée de Mai huko Praslin, Shelisheli, lililoingizwa kwenye Urithi wa Dunia 1983, utapita peke yako ukaona minazi mirefu. Ukiwa na anayejua atakuonyesha mti dume na mti jike wa koko de mer, mnazi wenye mbegu kubwa kuliko zote duniani, na atajua ndege gani amelia.

Nataka kuzamia kwa mtungi asubuhi kisha mchana tupande mlimani. Naona ratiba inakubali.

Ratiba inakubali, mwili haukubali. Mwongozo wa Divers Alert Network, shirika la usalama wa wazamiaji, ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mzamio mmoja, saa 18 baada ya mizamio kadhaa, kabla ya kupanda ndege, na mlima mrefu ni suala lilelile la hewa nyepesi. Haleakalā ina mita 3,055, na gari hukufikisha juu kabisa. Geuza: mlima siku ya kwanza, kuzamia siku nyingine mbali na safari ya ndege. Kuogelea juu ya maji kwa mrija hakuna tatizo hilo.

Nasafiri na mama yangu mtu mzima na mtoto wa miaka mitatu. Tutaweza vituo vitatu?

Viwili, dada. Muulize mwongozaji idadi ya ngazi na vyoo vilipo, na gari lisiwe la juu sana kwa mama kupanda. Kiti cha mtoto kiandikwe kwenye makubaliano, usisubiri kukiuliza asubuhi. Kona zikiwa nyingi, anayechafukwa na moyo akae mbele, na dawa inywewe kabla ya kuondoka. Mchana rudini mpumzike, mtoke tena jioni: basi la kundi haliwezi kukufanyia hivyo.

Bakshishi ni lazima?

Inategemea kisiwa. Hawaii inatarajiwa kama kwingine Marekani. Polinesia ya Kifaransa si desturi. Soma kidogo kabla ya kwenda, na ukitoa mpe mhusika mkononi.

Je, akinipeleka dukani kwa lazima?

Mwonyeshe ulichoandika hatua ya 5, kwa upole. Mara nyingi ana kamisheni pale. Mwambie kwamba dakika hizo ungependa azitumie kwenye kituo alichokuchagulia mwenyewe, wengi hufurahi.

Nimepata bei nzuri Karibi mwezi wa tisa, nichukue?

Msimu wa vimbunga vya Atlantiki ni tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na Septemba ndiyo kilele. Kusini-magharibi ya Bahari ya Hindi ni takriban Novemba hadi Aprili. Si kwamba utakutana nacho, ila usilipe bila kipengele cha kuahirisha, na bima ya safari ikate kabla kimbunga hakijapewa jina. Kikishapewa, bima mpya kwa kawaida haikihesabu.

Naweza kurudi na kombe na vipande vya matumbawe kama zawadi?

Acha. Matumbawe magumu na kombe kubwa la Karibi yamo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na yanahitaji kibali kuvuka mpaka. Magamba ya kasa biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku. Muuzaji atakuambia hakuna shida, lakini forodhani utakuwa peke yako. Hata koko de mer ya Shelisheli hununuliwa na cheti chake, kwa hiyo ukiipata bila cheti irudishe mezani.